Mtu Mmoja, Faili Moja

Alhamisi, 16 Oktoba 1997

Daftari hili nimelinunua kwa ajili ya mtaala, si la kujililia. Mkuu wa Chuo, Bwana Theuri, ametangaza leo mbele ya watu kwamba Baraza la Taaluma litakaa tarehe 23 Januari, na siku hiyo litakubali au kukataa shahada ya uzamili ya watunza nyaraka na wasimamizi wa kumbukumbu. Likikubali, idara yangu inabaki. Likikataa, tunamezwa na idara ya uhazili, mimi na viti vyangu sita, na miaka iliyonibakia nitaimaliza nikifundisha watu kupiga chapa. Kwa hivyo nitaandika nilichofanya kila siku, ili nikiulizwa niwe na jibu.

Nimepewa mwenzangu wa kuandika naye, Dakta Gatobu, Mmeru aliyerudi kutoka ng'ambo mwaka jana na bado kila sentensi yake inaanza na "kule." Mungu anipe subira.

Mvua imeanza. Redio inasema hii si mvua ya kawaida, ni Elinino.

Mama Mbeti alikuja ghalani kuulizia faili, kama kila Alhamisi. Nimemwambia tunatafuta.

Jumatatu, 20 Oktoba

Kikao cha kwanza na Gatobu. Anataka somo la kwanza la shahada liwe kompyuta. Nikamuuliza, mwanafunzi asiyejua kupiga nambari kurasa za faili, hiyo kompyuta ataipa nini, uji?

"Madam, kule nilikosomea karatasi imekufa," akasema.

"Hapa haijafa, Dakta. Hapa kinachokufa ni umeme."

Na umeme ukapotea papo hapo. Nilicheka peke yangu.

Alhamisi, 23 Oktoba

Kwa kuwa daftari linaweza kusomwa na mtu mwingine, nieleze ghala. Liko Kiganjo. Zamani lilikuwa la viazi, na mpaka leo mlango wake unanuka viazi. Mwaka 1994 mahakama moja ya huko chini ilikosa nafasi, ikatuletea lori zima la faili za kesi zilizokwisha, ziwe za kufundishia. Wanafunzi wangu wa diploma walizipanga, wakaziandikia orodha, wakatenga za kubaki na za kuchomwa. Hiyo ndiyo kazi yetu, kujua cha kutunza na kujua cha kuacha. Ghala lile naliringia kuliko nyumba yangu.

Alhamisi ni siku ya watu wa nje. Mzee Kingori, mtunza ghala, aliyestaafu kutoka stoo za polisi, huwaandikisha kwenye kitabu cha wageni: jina, atokako, shida yake. Mama Mbeti hajui kuandika, anaweka dole gumba. Kitabu cha mwaka huu kimejaa dole lile, Alhamisi kwa Alhamisi, na pembeni mkono wa Kingori: "Faili ya mtoto."

Mtoto mwenyewe ana miaka thelathini na mmoja. Anaitwa Benjamin Nyaga. Mwaka 1991 duka moja la Sagana lilivamiwa, mwenye duka akakatwa panga akanusurika, na Ben akashikwa. Mwaka uliofuata alihukumiwa kunyongwa, kwa wizi wa mabavu. Alikata rufaa wiki hiyo hiyo. Lakini majaji hawawezi kusikiliza rufaa bila kusoma kesi ya kwanza, nani alisema nini na nani aliulizwa nini, na faili yenye maandishi hayo haionekani. Kila rufaa inapotajwa, karani anasimama kusema faili inatafutwa, na jaji anaahirisha. Sasa ni miaka mitano. Mama aliambiwa huenda ilipanda lori kwa makosa ikaja kwetu.

"Mwalimu, leo je?"

"Tunatafuta, mama."

"Haya. Nitarudi."

Hakasiriki. Natamani angenitukana.

Jumatatu, 27 Oktoba

Nimempa Gatobu kitini changu cha mwaka 1995, nilichowaandikia wanafunzi wa diploma. Alikisoma huku akila ndizi, akafika ukurasa wa kumi na nne akaacha kutafuna. Pale ndipo kanuni yangu ilipo: mtu mmoja, faili moja. Ukikuta faili mbili za mtu mmoja, unaziunganisha chini ya nambari ya zamani, jalada la pili unatupa, ghala linapumua.

"Hii ndiyo kitu safi zaidi nimeona tangu nirudi," akasema. "Hii iwe nguzo ya muhula wa kwanza."

Nimekuwa nikimwonea huyu kijana bure. Ana akili.

Ijumaa, 31 Oktoba

Mvua.

Ijumaa, 7 Novemba

Maji yamepita juu ya barabara huko Sagana. Mama Mbeti hakuja jana. Nilifurahi, halafu nikaona haya kwamba nimefurahi.

Alhamisi, 13 Novemba

Leo amekuja, amevaa gambuti za mwanamume, matope hadi magotini. Ametoka nyumbani kwake upande wa Embu kabla ya jua. Amenibebea nduma zilizochemshwa, zimefungwa kwa jani. Jumapili alimwona Ben gerezani. Anasema amekonda na meno mawili ya mbele hayapo tena.

"Ameniuliza swali," akasema. "Ati, mama, hao watu wa faili ni watu wa aina gani?"

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia kuna mwalimu mmoja mzuri sana."

Nduma nimempa Kingori.

Jumanne, 18 Novemba

Kingori amenipigia simu saa mbili asubuhi kusema ghala linavuja. Nilikuta ndoo saba chini na yeye juu ya ngazi, akifunika rafu kwa majalada ya zamani, yale makaratasi magumu ya nje ya faili, amepanga moja juu ya jingine kama mabati. Mamia. Nikapandwa na hasira. Majalada yale nilimwamuru ayatupe miaka miwili iliyopita.

"Madam, karatasi hii ni ngumu mzuri," akasema. "Mimi siwezi tupa kitu mzuri."

Nikamwambia yeye ndiye ugonjwa wa taifa hili, kwamba ofisi zetu zimejaa takataka kwa sababu ya watu kama yeye wasioweza kuachilia kitu. Nilimwambia hivyo mzee wa miaka sitini na tano aliye juu ya ngazi. Alinishushia moja lililolowa ili nilikaushe, nikalipokea, na kabla sijaliweka chini nikaona nambari. Kesi ya jinai 1187 ya mwaka 1991. Jamhuri dhidi ya Benjamin Nyaga.

Nimelisoma mara tatu. Nikalifungua. Ndani hapakuwa na kitu.

Lakini limekuja kwetu! Jalada limekuja kwetu, basi na karatasi zake zilikuja. Ziko kwenye zile rafu. Kwa mara ya kwanza tangu Oktoba nimekunywa chai yote.

Alhamisi, 20 Novemba

Sikuweza kunyamaza. Nilimwonyesha Mama Mbeti lile jalada, nikamwekea kidole chake juu ya jina. Aliligusa jina polepole, kisha akatoka nje kwenye mvua, akasimama akiangalia upande wa kwao, akapiga vigelegele. Vitano, vile hupigwa mtoto wa kiume akizaliwa. Wafanyakazi wa duka la jirani wakatoka kuangalia nani amejifungua.

Gatobu alikuwepo. Alitazama pembeni, akifuta miwani.

Jumatatu, 24 Novemba

Nimeipata. Yaani nimejua iliko.

Siku nne tumepekua rafu, mimi, Gatobu na Kingori. Leo asubuhi nikasema ngoja niangalie orodha za zile zilizochomwa, si kwa kushuku, ni kwa kukamilisha tu. Orodha ya Novemba 1995, mstari wa sitini na mbili: Benjamin Nyaga, kesi ya 1986, kupigana sokoni, aliachiliwa, kurasa 143.

Kurasa 143. Kesi ya ngumi za sokoni, mtu akaachiliwa siku ya pili! Kesi kama hiyo ina kurasa kumi, kumi na tano ikiwa hakimu anapenda kuandika. Mtu yeyote wa kazi hii angeona. Mimi ndiye mtu wa kazi hii, na chini ya orodha ile ni sahihi yangu, kubwa, yenye mkia.

Najua kilichotokea kana kwamba naliona darasa. Vijana wamekaa sakafuni. Mmoja anainua faili mbili. Mwalimu, hawa ni Benjamin Nyaga wote wawili, wa kijiji kimoja. Naye mwalimu, bila hata kunyanyuka kitini: ukurasa wa kumi na nne. Wakaunganisha chini ya nambari ya zamani. Ya zamani muda wake wa kutunzwa ulikuwa umepita. Ikaandikwa kwenye orodha, ikapelekwa nyuma ya ghala, ikachomwa na kila kilichokuwa ndani yake. Na mtu yule anangoja kitanzi kwa kukosa yale maandishi.

Nami naitwa Watiri. Nina binamu wanne wanaoitwa Watiri, kwa sababu nyanya yetu alikuwa Watiri na kila mtoto wake alimzaa upya, kwa kumpa binti jina lake. Hakuna mtoto wa milima hii asiyejua kwamba jina hapa si la mtu mmoja. Lakini kanuni yangu niliitoa kwenye kitabu cha ng'ambo, nikaitafsiri, nikaipa nambari ya ukurasa, nikaringa nayo. Halafu ninamcheka Gatobu na "kule" yake.

Nilikwenda nyuma ya ghala, nikasimama mahali tulipochomea. Kingori aliniletea maji. Yeye ndiye aliyewasha ule moto, kwa amri yangu, na yeye ndiye aliyeficha jalada, kinyume cha amri yangu. Kama angenitii mara zote mbili, nisingejua hadi naingia kaburini.

Alhamisi, 27 Novemba

Alikuja mapema, amevaa kitambaa kipya kichwani.

Nikamuuliza, "Mama, kwenu kuna Benjamin Nyaga mwingine?"

"Wako wanne," akacheka. "Guka yao, babu yao, ndiye alibatizwa Benjamin. Sasa kila kijana wake akizaa, ni Benjamin Nyaga. Hata huyu mmoja wa shemeji yangu aliwahi kushikwa kwa vita ya soko. Alitoka. Huyo ni mkorofi."

Basi.

"Sasa, mwalimu, zile karatasi za ndani?"

Mdomo wangu ukasema, "Tunatafuta, mama."

Jumatatu, 1 Desemba

Nimemweleza Bwana Theuri kila kitu. Nilitegemea ukali. Alinimiminia chai kwa mkono wake, akaniuliza kama nimelala.

"Mwalimu, hii maneno iko na miaka mitano," akasema kwa upole. "Itashindwa kungoja hadi mwisho wa Januari? Wacha Baraza ipitishe shahada kwanza. Nani atakubali ufundishe nchi nzima kutunza faili, na wewe ndiye umechoma?"

Nikamshukuru kwa chai. Nimejiandikia hapa ili nisije nikasema baadaye kwamba alinilazimisha.

Alhamisi, 4 Desemba

Tunatafuta.

Jumatatu, 8 Desemba

Mtaala umefika kurasa arobaini. Sehemu ya tatu inahusu maadili ya mtunza nyaraka. Niliandika kichwa, nikakitazama hadi saa sita. Mvua haijakatika tangu Ijumaa.

Alhamisi, 11 Desemba

Tunatafuta. Leo aliniombea kabla hajaondoka, mkono juu ya kichwa changu.

Jumatatu, 15 Desemba

Gatobu ameleta nakala safi ya mtaala, na kanuni yangu ameiweka ukurasa wa kwanza, kwa herufi kubwa. Nikamwambia aitoe. Akauliza kwa nini. Nikamwambia aitoe tu. Akasema, "Madam, mimi sitoi kitu bila sababu." Nikamwambia sababu.

Nilingoja acheke. Nilikuwa nimeshaandaa la kumtukana. Yeye alikaa chini bila kuangalia kiti kina nini, akakalia bakuli la pini, hata hakushtuka.

"Mimi ndiye nilisema iwe nguzo," akasema. "Na mimi ni Gatobu wa tatu kwetu."

Kisha akaniuliza tarehe ambayo rufaa itatajwa tena. Nikamwambia 13 Januari. Akahesabu kwa vidole na kusema ikipita hiyo, kwa vile wanavyopanga, ni Juni. Mjomba wake amekuwa karani wa wakili miaka ishirini kule Meru, mambo haya anayajua.

"Sikiza. Mradi faili inatafutwa, jaji hana la kufanya ila kungoja. Lakini mtu mwenye mamlaka akiapa kwamba imechomwa, haipo, haitapatikana, hapo jaji lazima aamue. Kesi ianze upya, ama mtu aachiliwe. Hakuna kungoja tena."

"Kwa hivyo..."

"Kwa hivyo kinachomfunga huyo kijana sasa si faili, Madam. Ni hiyo 'tunatafuta' yako."

Sijawahi kupigwa na mwanamume. Nadhani inafanana na hivyo.

Alhamisi, 18 Desemba

Nilimngoja Mama Mbeti hadi jioni. Barabara imekatika tena, hakuja.

Alhamisi, 25 Desemba

Krismasi. Kanisani waliimba, mimi nilihesabu siku. Kumi na tisa.

Jumatatu, 29 Desemba

Nimepiga kura. Foleni imechukua saa tano nzima kwenye matope.

Ijumaa, 2 Januari 1998

Nimepiga chapa kiapo changu mwenyewe, nakala nne. Nimeandika jina langu na cheo changu, kwamba faili ya kesi 1187 iliunganishwa kwa makosa na ya mtu mwingine wa jina hilo, kwa kufuata maagizo niliyoyatoa mimi, na kwamba iliteketezwa Novemba 1995 kwa idhini yangu. Nimeambatisha nakala ya orodha na nakala ya jalada. Nilipofika kwenye neno "haitapatikana" nilikosea herufi mara mbili, mimi ninayefundisha watu wasikosee. Nikaanza karatasi upya.

Jumatatu, 5 Januari

Nimeapa. Wakili wa Ben, kijana mchovu aliyeteuliwa na mahakama, alisoma kiapo akiwa amesimama, kisha akatafuta kiti. Akaniuliza kama najua nitakachopoteza. Nikamwambia najua, Baraza linakaa tarehe 23.

Alhamisi, 8 Januari

Sikutaka ayasikie mahakamani kwanza. Nilimwomba Kingori awashe jiko, nikamketisha Mama Mbeti karibu na moto, nikamwambia. Nilimwambia yote, bila kupamba: majina, darasa, orodha, sahihi. Kingori alisimama mlangoni na kofia mkononi.

Alivua gambuti zake taratibu, akazipanga kando ya moto.

"Ile siku nilipiga ngemi, vile vigelegele," akasema, "ulikuwa unajua?"

"Hapana, mama. Siku hiyo sikujua."

"Na Alhamisi ingine?"

"Hiyo nilijua."

"Na hiyo ingine?"

"Nilijua."

"Na nikakuombea."

"Ndiyo."

Alitazama dole gumba lake, lilikuwa na wino wa kitabu cha wageni. Akalifuta kwenye leso, akalisugua hadi likawa jekundu. Nilitaka kupiga magoti, lakini niliona kwamba hilo lingekuwa kumwongezea kazi, aanze kuninyanyua.

"Sasa watamnyonga?"

"Sasa jaji lazima aamue. Hawezi kuahirisha tena."

"Mimi sikuulizi hiyo. Nakuuliza, watamnyonga?"

"Sijui, mama."

"Hiyo ndiyo neno ya kweli ya kwanza umeniambia tangu Novemba," akasema. Akavaa gambuti zake, akaenda. Hakusema atarudi. Kingori alimsindikiza hadi barabarani na mwavuli, mimi nikabaki na moto wangu.

Jumanne, 13 Januari

Gatobu alinipeleka kwa gari lake, maji yakiingia mlangoni. Karani alisimama, akaanza, "Mheshimiwa, faili bado inata—" na yule wakili mchovu akasimama, akamkatiza. Jaji alisoma kiapo changu chote kwa sauti. Akanitazama kwa juu ya miwani, muda mrefu.

"Huyu ndiye mwalimu?"

Nikasimama.

"Kaa chini."

Uamuzi utatolewa 17 Februari. Ben alikuwa kizimbani. Sikuthubutu kumtazama zaidi ya mikono. Ni mikono ya kawaida, mirefu.

Ijumaa, 16 Januari

Kiapo changu kimetoka gazetini. Bwana Theuri hakunimiminia chai. Alisema tu, "Ungeningojea siku kumi, mwalimu." Sikumchukia. Nilimwambia Ben asingeweza kungoja siku kumi zikigeuka miezi mitano. Akasema yeye ana walimu arobaini wa kufikiria. Ni kweli, anao.

Jumatano, 21 Januari

Tumeandika upya sehemu ya kwanza, mimi na Gatobu. Kompyuta ameisukuma hadi muhula wa tatu bila kuombwa. Somo la kwanza sasa halina kanuni. Mwanafunzi anapewa faili mbili zenye jina moja na anatumwa kijijini, aulize ni mtu mmoja au wawili, amwone kila mmoja kwa macho, arudi na majibu, na asifunge wala kuunganisha kitu kabla ya hapo. Muhula mzima. Gatobu anasema hajaona somo kama hilo hata kule. Halafu akajishtukia, akacheka, nami nikacheka, mara ya kwanza tangu umeme ulipopotea Oktoba.

Ijumaa, 23 Januari

Wamekataa. Iliwachukua muda mfupi. Mmoja aliuliza kama mwandishi wa mtaala ndiye yule wa gazetini. Mwingine akasema somo la kwanza ni zuri sana, ila angalipenda lifundishwe na mtu mwingine. Gatobu alisimama kunitetea hadi mwenyekiti akamwomba akae. Muhula ujao niko uhazili. Nimebeba kiti kimoja kati ya vile sita, hakuna aliyeniuliza.

Nilidhani nitalia. Nilikula chakula cha jioni.

Alhamisi, 29 Januari

Hakuja.

Alhamisi, 5 Februari

Hakuja. Kingori bado anamfungulia kitabu ukurasa mpya.

Alhamisi, 12 Februari

Mvua imeisha. Hakuja.

Jumanne, 17 Februari

Jaji alisoma kwa dakika kumi na mbili. Maandishi ya kesi hayapo na hayawezi kuandikwa upya. Mwenye duka alifariki mwaka juzi, shahidi wa pili haijulikani aliko. Kuanza kesi upya hakutakuwa haki. Mrufani aachiliwe.

Hakuna aliyesema hakufanya. Hilo nimelichoma pia. Ben hatasikia kamwe mtu akisoma yale maandishi na kusema hana hatia. Ameachiliwa kwa sababu ya moto wangu, na wapo watu Sagana watakaosema hivyo hadi azeeke. Mama Mbeti alikuwa benchi la mbele. Ben alipotolewa kizimbani, mama aliinuka, akashika mkono wa shati lake, akatoka naye bila kugeuka. Hakupiga kigelegele hata kimoja.

Alhamisi, 26 Februari

Siku yangu ya mwisho ghalani. Nilikuwa nikimkabidhi Kingori funguo nilipowaona mlangoni, mama na Ben. Mama alinisalimu kwa mkono. Hakuniita mwalimu.

Ben akasema, "Nimekuja kuona mahali ilichomewa."

Tukampeleka nyuma. Pana pipa lililotoboka, na majani yameota pande zote baada ya mvua. Alilizunguka pipa, akaangalia ndani, kuna maji na vyura.

"Ilichukua muda gani?"

Kingori, ambaye hajui kusema uongo, akasema, "Kulikuwa na unyevu, ilikataa kushika. Lakini ikishika, ni robo saa hivi."

"Robo saa," Ben akasema. Alitikisa kichwa taratibu, akalirudia moyoni, nikaona midomo ikienda.

Tuliporudi ndani Kingori alifungua kitabu cha wageni kwa mazoea. Mama akanyoosha dole gumba, Ben akalishika, akalirudisha chini, akachukua kalamu, akamwandikia jina lake: Mbeti. Chini yake akaandika la kwake. Kingori akauliza, kwa sababu safu ile lazima ijazwe, "Na shida?"

"Andika vile huwa unaandika."

Kingori akaandika: "Faili ya mtoto."

Nikaenda kabatini, nikatoa jalada la 1187. Sikujua nampa kwa nini. Kulingana na sheria za ghala hakuna kitu kinachotoka, na nilikuwa tayari aondoke nalo. Alilipokea. Alijua hakuna kitu ndani, alisikia kiapo changu chote kikisomwa, lakini alilifungua, akatazama ndani, upande huu na upande ule, akapitisha kiganja kwenye karatasi. Kisha akalifunga, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Weka vizuri," akasema. "Hii sasa msipoteze."

Nimeliweka rafu ya kwanza, karibu na mlango, peke yake.